Safu ya Kumi

Tulikubaliana safu tisa:
mwandishi, mwaka, jina la makala, jarida,
mto, mahali, lugha, kurasa,
na nakala imelala kabati gani.
Bujumbura wakaitikia, Uvira wakaitikia,
Kamembe wakatuma "sawa" moja, kavu,
nami Bukavu, ghorofa ya pili, dirisha likitazama Nguba,
nikaanza kuchapa.

Mito mingine mlango wake ni wa kuingilia ziwani.
Ruzizi wetu unatoka.
Ziwa linafumbua kinywa, mto unaanza safari,
na walioandika habari zake hawakuafikiana hata jina:
huyu Rusizi, yule Ruzizi,
Mbelgiji mmoja Russisi, esi mbili katikati.
Mashine, isiyojua kuwa maji ni yale yale,
ikanipa mito mitatu.
Asubuhi nzima nikaiunganisha.
Kuhusu mipaka sina la kusema, mimi ni mtu wa maktaba.

Kawa umeandikwa mara nne.
Kawa wa Kadutu, unaoshuka na chupa na kandambili
na maji ya kila jiko la mlimani,
ukayatapika yote ziwani mbele ya macho yetu:
mara nne tu. Nimehesabu.

Tasnifu ya mwaka hamsini na nane
mchwa waliisoma kabla yangu.
Walikula majedwali, wakala ramani,
wakabakiza shukrani.
Na ya pili yake, ukurasa wa arobaini na saba
niliukuta Nyawera, umefunga maandazi ya Mama Nsimire:
kina cha mdomo wa mto, Machi, mita na sentimita,
doa la mafuta limefika hadi Aprili.
"Makaratasi ni makaratasi tu," akaniambia,
"ile ingine nilisha maliza."
Nikanunua maandazi kumi nipate ukurasa mmoja.
Ofisi nzima ikala.

Kisha ikaja miaka isiyo na mstari hata mmoja.
Nikashuka na kidole kwenye kioo,
tisini na tano, tisini na sita,
na chini yake weupe.
Mto ulipita pale pale.
Hakuna aliyeuliza kina chake,
watu walikuwa wanauliza mambo mengine.

Siku ya Alhamisi akaja Zihalirwa, koti limepigwa pasi,
kutaka cheti cha kazi.
Miaka kumi na mmoja, akasema,
saa kumi na mbili asubuhi niko ndani ya maji hadi kifuani
nashika ufito, nasoma namba kwa sauti,
bwana anabaki kandokando anaandika.
Nikalitafuta jina lake.
Sifuri.
Nikalitafuta tena, polepole, kama vile mashine ni kiziwi.
Sifuri.
Nikaenda kabatini, kwenye zile shukrani ambazo mchwa walizikataa.
*Na kwa vijana wetu wa mahali*, basi,
nukta.

Nikafungua safu ya kumi: Aliyeshika ufito.

Bujumbura wakajibu, Safu ni tisa.
Uvira wakauliza, Tukianza hivyo tutamaliza lini?
Kamembe kimya, siku mbili.
Ya tatu, bila salamu, bila maelezo,
wakatuma majina kumi na manne.

Jumatatu Zihalirwa akarudi, akaketi karibu na kioo
kama mtu aliyekwenda kupigwa picha.
Nikachapa. Akainama, akanyoosha kidole:
"Weka *h*. Bila *h*, ule ni mutu mwingine."
Nikairudisha *h* mahali pake,
na kabla sijahifadhi
umeme ukakatika.

Nikamwambia nenda, mzee, nitamaliza kesho.
Akavua koti, akalitundika nyuma ya kiti.
"Mimi niko nangoja," akasema.
Nje mvua ilikuwa imeanza upande wa Kadutu,
na Kawa, tuliusikia, ulikuwa unakuja na mizigo yake.